Kifaru na Bomba la Nyuma

Hapo zamani, na si zamani za sungura na fisi, ni zamani za juzi tu, mababu zetu walipovishwa kaptura za khaki na kupelekwa kupigana vita visivyowahusu, katika nchi ya Wajerumani palikuwa na mtu aliyeitwa Ruprecht. Kazi yake ilikuwa kuchora. Si maua, wala sura za watu. Alichora vifaru, hivi vya chuma vyenye mizinga, vinavyopita juu ya nyumba ya mtu na mwenyewe yumo ndani.

Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na safari hii sitaki mtu aniambie hajui. Mimi mwenyewe niliposimuliwa habari hii nilishika kichwa. Chakula kilikuwa mbele yangu na njaa ninayo, lakini hakikupita.

Basi Ruprecht akaitwa na wakubwa wake. Wakamwambia, tuchoree kifaru kipya, uso wake uwe mnene risasi isipenye, halafu kiwe chepesi, kikimbie. Kinene na chepesi, nyie mmeona wapi? Lakini wakubwa wa vita hawaulizwi. Ruprecht akachora, akafuta, akachora tena. Katika mchoro wake wa kwanza palikuwa na ukuta wa chuma kati ya injini, iliyokaa nyuma, na watu, waliokaa mbele. Moto ukizuka nyuma, ukuta unauzuia kidogo, watu wanapata nafasi ya kutoka. Wakubwa wakasema ukuta ule mzito, utoke. Ruprecht akautoa. Na alijua, jamani. Hakuwa mtoto. Alijua kwamba sasa moto ukianza nyuma utamfikia dereva kabla hajamaliza kumwita mama yake. Mkono ukafuta, mdomo ukanyamaza.

Palikuwa na jambo jingine. Kifaru kikiinua pua kupanda mlima, mafuta yote ndani ya tangi yalikimbilia nyuma. Bomba la mbele likabaki linanyonya upepo, injini ikazima. Ruprecht akafikiri, akaongeza bomba la pili, la nyuma, na koki yake akaiweka karibu na goti la dereva. Juu ya koki akapigilia kibati cha shaba kilichoandikwa: UKIPANDA MLIMA, FUNGUA. Kibati kile alikipenda sana. Alisema hata dereva mgeni, aliyeshika kifaru leo hii, akikisoma hatakwama.

Haya. Mchoro haujengi kitu. Kujenga kunataka mikono, na vijana wao wote walikuwa vitani. Wakaenda kuteka mikono ya watu wengine.

Huko Ukraine, nchi ya ngano, msichana aliyeitwa Oksana alikuwa shambani na mama yake wakifunga miganda ya mavuno. Lori likaja. Likamzoa yeye na wenzake vilevile walivyo, na matope miguuni. Hakuaga, na mama yake hakumwona tena. Wakamshusha kwenye kiwanda cha vifaru, wakampa kazi ya kufunga mabomba ya mafuta. Chakula chake kilikuwa maji ya moto yaliyopitishiwa kabichi. Mnyapara akitembea nyuma yake na fimbo, na Oksana akifunga bomba, na lingine, na lingine, huku akijua kila kifaru kinachotoka mlangoni kinakwenda kwao, kwa kaka zake.

Mwenzake mmoja aliamua kutia mchanga kwenye grisi. Akakamatwa. Wakamnyonga pale langoni, wakamwacha akining'inia, na asubuhi wengine wote wakalazimishwa kupita chini ya miguu yake kuingia kazini. Oksana alipita. Kiatu cha marehemu kilimgusa begani. Nyie, mwili unanisisimka nikisema.

Mngetegemea aogope, sivyo? Aliogopa, tena sana, lakini aliogopa na akili yake. Alikuwa ameona kitu. Mkaguzi wa kiwanda alivijaribu vifaru uwanjani, na uwanja ule ulikuwa tambarare. Hakuna aliyepanda mlima, kwa hiyo hakuna aliyefungua koki, kwa hiyo bomba la nyuma halikujaribiwa hata siku moja. Basi Oksana akachukua tupa, akalikwangua bomba la nyuma upande wa chini, mpaka likabaki jembamba kama ganda la kitunguu. Akachana kitambaa cha upindo wa gauni alilokuja nalo, gauni la kwao lenye mishono myekundu, akalizungushia bomba, akalifunga kwa uzi kwa fundo lile wanalofungia mganda wa mwisho wa mavuno. Juu yake akapaka rangi. Ukipita unaona bomba zima kabisa. Lakini siku dereva atakapopanda mlima na kufungua koki, bomba litapasuka na mafuta yatamwagikia injini yenye moto.

Akafanya hivyo kwa kifaru kimoja, akafanya kwa kingine, kila alipopata mwanya. Vingapi, hata yeye hakujua. Mkono ukatenda, mdomo ukanyamaza.

Vita vikaisha. Kijiji cha Oksana kilikuwa kimechomwa chote, hana pa kurudi. Katika mji uleule wa kiwanda palikuwa na mwokaji mikate, mtu mpole, jina lake Anselm. Alimpa mkate bila kumuuliza kitu. Kesho akampa tena. Mwisho wakaoana, wakapata mtoto mmoja tu wa kiume, wakamwita Emil.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye mwiba. Anselm alikuwa na ndugu yake, Konrad, dereva wa kifaru. Konrad hakuuawa na adui. Kifaru chake kilijiwasha chenyewe njiani, kwenye kilima, kabla hajauona uwanja wa vita. Watu walinong'ona kwamba kilihujumiwa kiwandani, na Anselm hakulisahau hilo. Kila wakikaa mezani, kabla ya kumega mkate, alisema, "Aliyemchoma ndugu yangu, Mungu amchome naye." Kila siku alilisema, kama wengine wanavyosema bismillahi. Na Oksana, ambaye ndiye anayepakua chakula, aliitikia amina, akakaa, akala. Je, kilikuwa ni kimoja cha vile alivyovikwangua? Hakujua. Mtu aishi hivyo miaka yote, na mume anampenda na yeye anampenda. Mimi ningepasuka.

Miaka ikaenda, Emil akawa mtu mzima, dereva wa matrekta, hodari, mwenye maneno kidogo. Siku moja wakulima waliokuwa wakikausha kinamasi nje ya mji wakagonga chuma. Wakachimba. Kikatoka kifaru kizima, kilichozama kwenye tope kikiwa safarini kwenda vitani, na tope lilikuwa limekihifadhi.

Mji ukafurahi, ukamwita fundi aliyeitwa Wendelin. Kazi ya Wendelin ilikuwa kufufua mashine za zamani, na mafundi wa kazi hiyo wana miiko yao. Mwiko wa kwanza, usifute mkono wa aliyekutangulia: alama ya nyundo yake iache, kosa lake liache. Mwiko wa pili, usiongeze kwenye kitu cha kale neno ambalo halikuwapo. Wala kibandiko, wala kipande cha waya pale macho ya wageni yanapofika. Fundi akivunja miiko hiyo, wenzake hawamwamkii tena.

Wendelin akakifungua kifaru skrubu kwa skrubu, na Emil akimsaidia baada ya kazi zake. Akasafisha injini. Akatengeneza bomba jipya la mbele, maana la zamani lilivunjika wakati wa kuchimba. Alipofika kwenye bomba la nyuma, rangi ikabanduka mkononi mwake, akaona kitambaa. Akaona mishono myekundu, na uzi, na fundo. Akapapasa chini, kidole kikasikia jinsi chuma kilivyokwanguliwa. Wendelin akakaa chini sakafuni. Alielewa papo hapo kwamba huu si uzembe. Kuna mtu alisimama hapa, na fimbo nyuma yake, na kamba langoni, akafanya jambo hili kwa makusudi. Fundi yule mtu mzima alilia.

Angelitoa bomba lile, mambo yangeishia hapo. Lakini mwiko unasema usifute mkono wa aliyekutangulia, na katika kifaru kizima hapakuwa na mkono uliostahili heshima kuliko ule. Akaliacha na kitambaa chake. Akafunga koki. Akamwambia Emil, tena mbele ya mashahidi, "Endesha uwanjani tu, kilimani usipande, na koki hii usiiguse kamwe." Emil akasema sawa. Wendelin hakubandika onyo lolote kwenye koki, wala hakuifunga waya, kwa sababu ya mwiko wa pili. Ila kile kibati cha shaba cha Ruprecht, kwa kuwa ni cha asili, alikisugua mpaka kikang'aa.

Mmeanza kuona? Wewe Mbaraka, usitikise kichwa, subiri.

Siku ya sherehe mji wote ukaja. Ruprecht alikuwa hai bado, mzee wa mkongojo, akaletwa akaketishwa mbele kama mgeni wa heshima. Oksana na Anselm walikaa kwenye benchi wamtazame mtoto wao. Wendelin akasimama kuhutubia. Akaeleza habari za kinamasi, na injini, kisha akasema amekuta ndani bomba lililokwanguliwa na kufungwa kwa kitambaa chenye mishono myekundu. Akasema hamjui aliyefanya, ila anamvulia kofia. Akasema bomba liko pale pale, lakini koki imefungwa na haitafunguliwa tena.

Oksana alijua papo hapo. Kitambaa kile ni upindo wa gauni lake. Akafungua mdomo ainuke aseme, ni mimi, na bomba lile litoeni, msiliamini hata koki ikiwa imefungwa. Wakati uleule Anselm, pembeni yake, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ni kweli walikuwepo. Mtu kama huyo ndiye aliyemchoma Konrad." Oksana akafumba mdomo. Akajituliza, koki si imefungwa? Fundi si amesema?

Emil akaingia, akawasha. Kifaru kikanguruma, kikazunguka uwanja, watu wakapiga makofi. Kikazunguka tena. Mzee Ruprecht, machozi yakimtoka, akamwambia aliyekuwa karibu naye kwamba huku kuzunguka si kitu, kifaru chake kilizaliwa kupanda. Neno likapita mdomo hadi mdomo, na mwisho umati wote ukawa unaimba, kipande, kipande, na kuonyesha kilima kilichokuwa nyuma ya uwanja. Wendelin alikataa kwa mikono miwili. Alikuwa mbali. Na Emil, kijana wa maneno kidogo, ambaye maishani mwake hakuna umati uliowahi kumwimbia, akageuza pua ya kifaru.

Alipofika katikati ya kilima injini ikakohoa. Mafuta yamekimbilia nyuma, bomba la mbele linanyonya upepo. Kifaru kikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea watu, na watoto wako pale. Breki hazishiki chuma kizito namna ile. Emil akatazama chini, na mbele ya goti lake kilikuwepo kibati kinachong'aa.

Oksana alikuwa ameshasimama. Alijua kabla ya mtu yeyote. Alipiga kelele, lakini hofu ilimrudisha utotoni, akapiga kelele kwa lugha ya mama yake. "Toka, mwanangu! Usifungue, toka!" Wote waliomzunguka walimsikia, na hakuna hata mmoja aliyemwelewa. Mumewe alimshika mkono akidhani anashangilia.

Emil akafungua. Injini ikashika, kifaru kikasimama pale pale, hakikumkanyaga mtu. Kisha nyuma kukatoka moto, na kwa kuwa ukuta haukuwapo, ukaenda mbele moja kwa moja.

Wendelin ndiye aliyemtoa, ngozi ya mikono yake ikabaki kwenye mlango wa chuma. Wakamlaza Emil majanini. Alikuwa na akili zake timamu, hilo ndilo linalonitisha. Alimwambia Wendelin, "Fundi, niliikumbuka amri yako. Lakini kibati kilisema nifungue." Kabla ya jua kuzama alikuwa amekata roho.

Ngojeni nipumue.

Mji ule ulikuwa na desturi ya mazishi. Jeneza likishushwa, udongo wa kwanza hutupwa na mtu wa karibu wa marehemu, lakini awe mtu ambaye mkono wake haumo katika kifo kile. Mwenye mkono wake akitupa, wanasema anamuua maiti mara ya pili. Na udongo wa kwanza usipotupwa, wengine hawawezi kutupa, kaburi linabaki wazi.

Jeneza la Emil likashushwa. Mchungaji akamaliza sala. Anselm akashika koleo, macho yamemwiva, akasema kabla hajatupa anataka kusikia mbele ya mji mzima ni nani aliyemuua mwanawe.

Mzee Ruprecht akajikongoja mbele. Alisema ukuta aliutoa yeye, ila aliutoa kwa amri, na asingeutoa yeye angeutoa mwingine. Akasema tena kwamba kibati chake hakikusema uongo. Bomba lingekuwa zima, Emil angefika juu ya kilima na kushuka salama.

Wendelin akaja na mikono iliyofungwa bandeji. Alisema alimkataza Emil kwa kinywa chake, na mashahidi wapo. Akasema angeweza kulitoa bomba lile, lakini angekuwa amefuta ushujaa wa mtu asiye na kaburi wala jina. Aliuliza, mbele ya heshima kama ile, fundi gani angeshika msumeno?

Jirani mmoja, mtu wa mdomo mrefu, akasema basi tuseme ukweli, Emil mwenyewe alikatazwa akapanda. Mwingine akamjibu kwamba asingefungua koki kifaru kingewasaga watoto. Wakaanza kuvutana pale pale juu ya kaburi.

Ndipo Oksana akavua kitambaa cha kichwani.

"Bomba lile nililikwangua mimi," alisema. "Kitambaa ni cha gauni langu."

Anselm alimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Mchungaji alishika msalaba wake kwa mikono yote miwili. Mimi, kama ningekuwepo, nadhani ningekimbia.

Oksana akaendelea, bila kulia. Alisema alilikwangua ili kifaru kile kisiwaue kaka zake, na kama angerudishwa kiwandani leo, angelikwangua tena. Kwa hilo haombi msamaha kwa mtu. Lakini juzi kwenye benchi alikuwa na mdomo, na mwanawe alikuwa hai, na hakuutumia.

Anselm akauliza, "Kwa nini hukuniambia, Mama Emil? Miaka yote hii?"

"Ungenisikia vipi, Baba Emil? Kila siku ulimwombea moto aliyemchoma Konrad, na mimi nakupakulia. Na uliniitikisha amina."

Anselm akalitazama jeneza la mwanawe. Alikumbuka dua yake, yote, siku baada ya siku, na akakumbuka benchi, na alichomnong'onezea mkewe, na mkono aliomshika akidhani anashangilia. Koleo likaanguka ukingoni mwa kaburi, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Haya, nimewafikisha. Yupo mchoraji aliyetoa ukuta na kuacha kibati. Yupo mama aliyekwangua bomba kwa haki, kisha akanyamaza kwa hofu. Yupo fundi aliyeheshimu wafu akasahau walio hai. Yupo baba ambaye hakugusa chuma hata kidogo, ila alimfunga mkewe mdomo. Na umati ulioimba, nao uko pale, umeinamisha macho. Emil yuko chini kwenye jeneza, na mama yake amesimama, anangoja mtu mmoja tu amfunike mwanawe.

Msinitazame mimi. Je, nani alistahili kuliokota lile koleo?